Send-off wiki ya saba, dozi wiki ya kumi na saba

"Dada, zile sindano za kupunguza mwili mnazo?"

"Una kisukari, mdogo wangu?"

"Sina. Nina send-off."

Rafiki yangu mfamasia wa Dar es Salaam ndiye aliyenisimulia, tukacheka. Binti alikuwa amebakiza wiki saba kufikia send-off, sherehe ya kuagwa kwao kabla ya harusi. Gauni liko kwa fundi, na fundi ameshaambiwa alishone kwa vipimo vya mwili ambao bado haujapatikana. Sindano hakupewa kwa kuwa cheti cha daktari hakuwa nacho, ingawa rafiki yangu hakuwa na shaka kwamba angeipata kwingine kabla jua halijazama.

Mimi nimebaki na hesabu ya zile wiki saba. Dawa aliyoiulizia ni semaglutide, inayouzwa kwa jina la Ozempic kwa wenye kisukari na Wegovy kwa ajili ya unene. Inaiga homoni ya utumbo inayoupa ubongo habari ya shibe, na inakichelewesha chakula kutoka tumboni. Kwa utaratibu wa Wegovy, mtu huanza na miligramu 0.25 mara moja kwa wiki, kwa wiki nne. Wiki nne nyingine ni 0.5, kisha 1, kisha 1.7. Dozi kamili ya 2.4 inaanza wiki ya 17. Siku ya send-off binti huyu angekuwa bado yuko ngazi ya pili kati ya tano, amepungua kilo chache, na pengine kichefuchefu kimemnyima pilau ya sherehe yake mwenyewe.

Dawa hii basi haina haraka. Haraka tunaipeleka sisi, na sehemu kubwa ya madhara ninayoyaogopa inaingia kupitia mlango huo.

Nisiwaonee wanaoitetea, maana wana hoja nzito. Katika jaribio lililochapishwa 2021, watu 1,961 wenye uzito uliozidi, wasio na kisukari, walifuatiliwa kwa wiki 68. Waliochoma semaglutide walipungua kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito wao, na waliochoma sindano isiyo na dawa asilimia 2.4. Makundi yote mawili yalipewa ushauri wa chakula na mazoezi. Hiyo asilimia 2.4 iangalieni vizuri. Ndiyo malipo ya hotuba tunayowapa watu wanene kila siku, ya kupunguza ugali na kutembea jioni, tena ikiwa imetolewa na wataalamu wanaomfuatilia mtu mwezi baada ya mwezi. Tirzepatide, iliyokuja baadaye kwa majina ya Mounjaro na Zepbound, imepunguza zaidi ya hapo.

Kuna na moyo. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio la watu 17,604 wenye umri wa miaka 45 na zaidi, ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo au mishipa ya damu pamoja na uzito uliozidi. Katika muda wa miaka mitatu na kitu, vifo vya moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi viliwapata 8 katika kila 100 wasiotumia dawa, na 6.5 katika kila 100 waliotumia. Si muujiza, lakini kwa mtu ambaye moyo umeshamtikisa mara moja, tofauti hiyo ina uzito. Mama wa kilo 110, presha haishuki, magoti hayamfikishi ghorofa ya pili, amejaribu kila mlo unaosifiwa mitandaoni: kumwambia huyo ajikaze tu ni ukatili uliovaa kanzu ya ushauri. Shirika la Afya Duniani lenyewe, Septemba 2025, liliziingiza dawa hizi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari cha aina ya pili walio na unene pamoja na maradhi ya moyo au figo.

Sasa gharama, na sizungumzii fedha. Katika lile jaribio la 2021, asilimia 74 ya waliotumia dawa walipata shida za tumbo: kichefuchefu, kuhara, kutapika, choo kigumu. Kwa wengi zilikuwa nyepesi na zikapita, ndiyo maana walioacha dawa kwa sababu hiyo hawakufika 5 katika 100. Ngazi zile tano zipo kwa kazi hiyohiyo, mwili uzoee. Anayeziruka ili awahi sherehe anajitafutia kutapika siku nzima na kuishiwa maji mwilini, na figo haziipendi hali hiyo. Mawe ya nyongo huongezeka, hasa uzito unaposhuka kwa kasi. Kuvimba kongosho hutokea kwa wachache, na kunaweza kuua. Halafu kinachopungua si mafuta peke yake. Washiriki wachache waliopimwa muundo wa mwili walionyesha kwamba takribani kilo 4 katika kila 10 zilizopotea hazikuwa za mafuta, na humo imo misuli. Kijana ataijenga tena. Mzee wa miaka sabini aliyepoteza nguvu za mapaja anaweza kuanguka bafuni.

Kwa bibi harusi kuna jambo jingine ambalo muuzaji wa mtandaoni hamwambii. Maelezo ya semaglutide yanataka iachwe angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba. Tirzepatide nayo inaweza kudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, hasa mwanzoni na kila dozi inapopanda. Mtu anajichoma wiki chache kabla ya ndoa, mama mkwe anahesabu miezi kuanzia siku ya ndoa, na katikati hakuna aliyeuliza.

Na ukiacha? Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutide walikuwa wamerudisha takribani theluthi mbili ya kilo walizopoteza. Wapinzani wanalichukua hili kama ushahidi kwamba dawa ni utapeli. Silioni hivyo. Vidonge vya presha navyo ukiviacha presha hurudi, na hakuna anayeviita utapeli. Inachoonyesha ni kwamba unene ni ugonjwa sugu, na dawa yake ni ya kukaa nayo miaka. Tatizo liko kwenye biashara: kitu cha miaka kinauzwa kama kozi ya miezi miwili. Mnunuzi analipia dozi za mwanzo, ambazo faida yake ndogo na kichefuchefu chake kikubwa, kisha anaishiwa hela pale ambapo dawa ndiyo kwanza ingeanza kazi.

Haraka hii ina historia mbaya. Mwaka 1997 fenfluramine, dawa ya kupunguza uzito iliyokuwa ikimezwa Marekani pamoja na nyingine iitwayo phentermine, iliondolewa sokoni kwa kuharibu milango ya moyo. Dawa nyingine ya kupunguza uzito, sibutramine, ikaidhinishwa Marekani mwaka huohuo, na 2010 ikaondolewa Ulaya na Marekani baada ya kuonekana inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye moyo dhaifu. Lakini sibutramine haijafa. Mamlaka ya dawa ya Marekani imeikuta mara nyingi imefichwa ndani ya vidonge, kahawa na chai zilizoandikwa "asilia". Kwa hiyo mtu anayesema yeye sindano haziwezi, anakunywa zake chai ya mitishamba ya kukata tumbo, anaweza kuwa anameza kitu kibaya kuliko anachokikimbia. Moyo ukimwenda mbio usiku anaambiwa sumu inatoka.

Sindano nayo ina bandia zake. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia zilizokutwa Brazil, Uingereza na Marekani. Austria, mwaka 2023, watu walilazwa hospitali sukari ikiwa imeshuka vibaya baada ya kujichoma "Ozempic" inayodhaniwa ilikuwa insulini. Hata ile halisi inataka kutunzwa: kabla ya kufunguliwa hukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na ikiganda haifai tena. Peni, ile sindano yenye umbo la kalamu inayobeba dawa, ikishazunguka na bodaboda Februari ya Dar es Salaam, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, sijui ni nini kinachobaki ndani yake. Kuna na wanaochangishana, marafiki watatu peni moja, kila mmoja na sindano yake. Maelezo ya dawa yanakataza jambo hilo hata sindano ikibadilishwa, kwa sababu damu huweza kurudi ndani ya peni. Homa ya ini na virusi vya UKIMWI havijali kwamba nyinyi ni marafiki.

Nimetaja UKIMWI, nikakumbuka kwamba miaka ya themanini, jirani zetu wa Uganda waliuita ugonjwa huo "Slim". Huku kwetu pia mtu akikonda ghafla watu walinong'ona, na shangazi zetu wa enzi ile walionenepa baada ya ndoa walisifiwa kwamba mume anawatunza. Leo wajukuu wao wanalipia kukonda ghafla, na bado kuna watakaonong'ona.

Bei itashuka. Hataza ya semaglutide India, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, iliwekewa ukomo wa Machi 2026, na viwanda vya kule ndivyo vinavyojaza famasi zetu. Kwa mgonjwa hiyo ni habari njema, kwa sababu Marekani kwenyewe mahitaji ya wanaotaka kupungua yalichangia upungufu ulioanza 2022, na wenye kisukari wakahangaika kuitafuta dawa iliyokuwa yao. Kwa mwenye haraka ni habari nyingine kabisa.

Siku ile binti alipokuja, kwenye friji ya rafiki yangu kulikuwa na peni moja tu. Ilikuwa imefungwa rababendi na karatasi yenye jina la mwalimu mmoja mstaafu, mgonjwa wa kisukari, ambaye huja kuichukua pensheni ikiingia.