Resipi ya bia ijue kimea, sufuria ijijue yenyewe

Fungua orodha ya resipi kwenye kidhibiti cha kupikia bia nyumbani, kifaa kinachowasha na kuzima hita kwa kufuata resipi, kilichotumika mwaka mzima. Utakuta "Pale 66", "Pale 66 mpya", "Pale 67 sufuria kubwa" na "Pale 67 MWISHO". Bia ni ileile moja, ya aina ya "pale ale", na namba ni nyuzi za joto. Kilichobadilika ni sufuria, au kihisi joto kimehamishwa, au mpishi aliona joto linapitiliza akapunguza namba kwenye resipi huku ugonjwa ukibaki kwenye mashine. Kwa maoni yangu, bia nyingi za vidhibiti huharibikia hapo, mambo ya kimea na mambo ya chuma yanapowekwa chungu kimoja.

Resipi iseme mashi, yaani ule uji wa kimea kilichoparazwa na maji ya moto, ukae nyuzi ngapi kwa dakika ngapi. Wati za hita, lita zinazobaki chini ya bomba, nyuzi ambazo maji huchemkia pale ulipo: hayo yana ukurasa wa mashine, yaandikwe mara moja tu.

Chukua maji ya kuanzia. Wengi huandika "pasha hadi 72" ndani ya resipi. Sasa una kilo 5 za kimea na lita 15 za maji, unataka mashi ya nyuzi 66. Kimea kilicholala stoo Dar es Salaam kina nyuzi kama 28. Nairobi asubuhi ya Julai kinaweza kuwa na 18. Gawanya 0.41 kwa lita za maji kwa kila kilo (hapa ni 3), zidisha kwa tofauti ya joto unalolitaka na joto la kimea, kisha jumlisha joto unalolitaka. Dar utapata 71.2, Nairobi 72.6. Nyuzi 1.4 si kitu ukichemsha chai, ila kwenye mashi ndizo zinazoamua bia iwe kavu au nzito, kwa sababu beta-amilesi, kimeng'enya kinachotoa sukari ambayo hamira huila yote, huanza kufa haraka joto likipita 65 kuelekea 70. Resipi iandikwe 66. Kidhibiti kiulize joto la kimea, kipige hesabu chenyewe.

Kuchemsha nako kuna mtego. Resipi iliyoandikwa kwa ajili ya mji wa tambarare husema dakika 60 zihesabiwe joto likifika 100. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 94. Kidhibiti kitaisubiri 100 hadi sufuria ikauke. Chemsha maji matupu siku moja, soma kihisi chako kinasimama wapi, punguza nusu nyuzi, na namba hiyo iwe ya mashine milele.

Lakini kosa linalonikera kuliko yote ni saa kuanza kuhesabu hatua inapoanza badala ya joto linapofika. Kilo 5 za kimea ndani ya lita 25 ni sawa na kupasha lita 27 hivi za maji, maana kimea hubeba joto pungufu ya nusu ya maji. Hita ya wati 2,500 hutumia sekunde 45 kwa kila nyuzi, bila kuhesabu joto linalopotea. Kutoka 66 hadi 76 ni dakika karibu 8. Ukiwa umeandika hatua ya mwisho "76, dakika 10", mashi inakaa kwenye 76 dakika mbili tu. Na hapo umeme uwe mzuri. Jioni volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, hita ileile inabaki na wati kama 1,900, na kila nyuzi inakula dakika nzima. Usijaribu kuyaficha haya kwa kuongeza dakika kwenye resipi. Weka sharti: hesabu ianze joto likifika. Kwenye CraftBeerPi, programu ya kudhibiti upikaji wa bia, hatua ya mashi hufanya hivyo yenyewe. Kwenye kidhibiti ulichojiandikia kwa Arduino, ule ubao mdogo wa kielektroniki unaoupangia programu mwenyewe, itabidi uliandike sharti hilo mwenyewe.

Na sharti lenyewe lisiwe jepesi mno. Kihisi cha DS18B20, ambacho kiko karibu kila mahali kwa sababu ni rahisi, kikikatikiwa umeme kidogo au waya ukilegea, hurudi na namba moja: 85 kamili. Kidhibiti kinaona 85, kinasema "76 imeshapita", kinaruka hatua. Kwa hiyo dai joto likae juu ya lengo sekunde 60 mfululizo, tupa usomaji wowote ulioruka zaidi ya nyuzi 5 ndani ya sekunde moja, na hakikisha rezista ya kiloomu 4.7 ipo kati ya waya wa data na ule wa umeme. Kihisi hicho kina kosa la hadi nusu nyuzi hata kikiwa kizima, hivyo anayebishana kuhusu 66.2 na 66.4 anapoteza usiku wake.

Mahali pa kihisi ni pa mashine pia. Kikiwa chini karibu na hita na pampu inayozungusha maji ya mashi ikasimama, kinasoma moto, hita inazimwa, kimea juu kinabaki baridi. Kikiwa katikati ya kimea na njia ikaziba, hita inawaka bila kukoma na togwa, yaani maji matamu ya kimea, inaungua chini. Mimi hupendelea kwenye bomba la kutokea pampu, pamoja na kanuni kwamba pampu isipozunguka, hita haiwaki.

Ukileta resipi kwa faili la BeerXML, muundo wa kuhamishia resipi za bia kati ya programu, soma aina ya kila hatua kabla ya kuwasha chochote. Hatua iliyoandikwa kuwa ya kumwagia maji ya moto ina lita zake, tuseme 6. Kidhibiti chenye hita hupandisha joto bila kuongeza tone. Lita 6 zinapotea kwenye hesabu, na mwishoni unapata bia nzito kuliko ulivyokusudia. Angalia uzito pia: ndani ya faili hilo hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, huandikwa kwa kilo, kwa hiyo gramu 30 ni 0.030.

Idadi ya hatua nayo watu wanaipenda kupita kiasi. Kidhibiti kinaruhusu hatua kumi, basi zinajazwa zote. Kimea cha kisasa cha shayiri kimeshaoteshwa vya kutosha. 66 kwa dakika 60, kisha 76 kwa 10, inatosha bia nyingi. Kukaa 50 kwa nusu saa kwa kimea hicho hula protini zinazoshika povu.

Mtama ni habari nyingine, na hapa vidhibiti vingi vinaishiwa. Wanga wa mtama hulainika kati ya nyuzi 68 na 78, joto ambalo vimeng'enya vyake havilivumilii kwa muda mrefu. Njia inayofanya kazi ni kuloweka kimea cha mtama kwenye 45 hadi 50 kwa dakika 30, kuacha kitulie, kuchota maji ya juu yenye vimeng'enya na kuyaweka pembeni, kupika uji uliobaki hadi uchemke, kuupoza mpaka karibu 65, ndipo kuyarudisha. Hakuna orodha ya "joto na dakika" inayoweza kueleza kuchota. Unahitaji hatua ya kusimama yenye ujumbe, "chota lita 8, bonyeza endelea", pampu ikiwa imezimwa. Mtama hauna maganda ya kuchujia, kwa hiyo changanya maganda ya mpunga, gramu 50 kwa kila kilo, pampu isije ikafyonza tope.

Umeme ukikatika katikati, kidhibiti kiwe kimeandika namba ya hatua na dakika zilizobaki kila dakika. Ukirudi, kisiwashe hita chenyewe. Kionyeshe joto la sasa na kukuuliza. Sufuria iliyofunikwa blanketi haipoi upesi, na vimeng'enya havikukusubiri. Tone la iodini juu ya kijiko cha togwa kwenye kisahani cheupe litakuambia: likigeuka bluu nyeusi, wanga bado upo, ongeza dakika 15, likibaki kahawia, nenda 76.