Nimedai Risiti, Mtaa Ukafungwa

Jamani, kwanza mniache nipumue.

Nina ekstensheni hapa mkononi. Ilikuwa nyeupe. Niliinunua hapa Mwanza mjini wiki hii, ina alama ya ubora ubavuni na maandishi makubwa: SHABA TUPU. Leo asubuhi nimechomeka pasi, nimeanza kunyoosha kaunda suti ya mzee mmoja wa Magu, mteja wa heshima zake, ikalia pwaa! Moshi, cheche, giza. Umeme uliporudi suti ilikuwa na tundu mahali ambapo fundi hawezi kudanganya kwamba ni mtindo. Nikaupasua ule waya kwa wembe. Shaba hamna. Kuna vinyuzi vya kijivu ambavyo mimi nisingethubutu kushonea kifungo. Na ile alama ya ubora nilipoigusa, ikahamia kidoleni kwangu.

Sasa mimi ni raia na nasikiliza redio. Najua nchi hii ina shirika la viwango tangu 1975. Najua kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumdanganya mlaji, na mlaji ndiye mimi, ingawa huko kula kwenyewe mnakujua. Najua ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na kwamba asiyedai naye ana kosa. Nikavaa shati la kanisani, nikaweka kalamu mfukoni, nikachukua na daftari langu la vipimo vya wateja, maana bila daftari mkononi hapa mjini hakuna anayekusikiliza.

Daladala kutoka Mabatini sitaisema. Konda alinidai kuliko nauli iliyobandikwa mlangoni, nikamwonyesha ilipobandikwa, akaniambia nishuke nipande hiyo karatasi. Boda nao hivyo hivyo. Mafuta yanatangazwa bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, wao wanapandisha Jumanne ili wasichelewe.

Nikafika dukani. Duka lenyewe silitaji. Ukutani kuna leseni, kuna picha, na kati ya leseni na picha kuna kibao: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

"Shikamoo baba," kijana wa kaunta akaniamkia.

"Marahaba mwanangu. Mali imerudi."

Akaitazama ekstensheni. Akanitazama mimi. Akatazama kibao.

"Risiti unayo?"

Nikatoa. Kipande cha boksi la biskuti, kimeandikwa kwa kalamu: Ext 1, 18,000. Ndicho alichonipa yeye mwenyewe nilipodai risiti, baada ya kunifafanulia kwamba bei niliyoelewana naye ni ya bila risiti, nikitaka ya mashine ananiongezea asilimia 18 ya serikali. Bei hizo mbili mnazijua, msijifanye wageni.

"Hii siyo risiti, baba."

"Basi nipe iliyo risiti."

"Mtandao uko chini."

"Tangu juzi?"

"Unapanda na kushuka."

Nikaomba kuonana na bosi. Bosi yuko Shinyanga. Akapigiwa, simu ikawekwa sauti ya juu, kijana akainyanyua hewani kwa mikono miwili kama padri anavyoinua kikombe, na duka zima tukanyamaza kupokea neno.

"Mwambie aliichomeka vibaya," simu ikasema.

"Kuna namna ngapi za kuchomeka?" nikaiuliza simu.

"Hiyo ni ya kuchajia simu, siyo ya pasi."

"Imeandikwa ampia kumi na tatu!"

"Hayo maandishi ni ya kiwandani. Mimi siandiki."

Nyuma yangu foleni ishafika mlangoni. Kuna mama ana beseni la dagaa, kuna vijana wawili wa ujenzi, kuna bibi aliyeingia kuulizia choo. Wananisonya. Nikaona heshima yangu inaanza kuporomoka, nikajinyoosha, nikafungua daftari, nikachomoa kalamu. Nikasema taratibu, kwa kile Kiswahili cha taarifa ya habari: "Sawa. Naomba risiti halali ya mashine, yenye tarehe ya siku niliyonunua. Nitaiwasilisha panapohusika."

Hilo neno *panapohusika* silijui lilinitokaje. Hata mimi sijui ni wapi. Lakini masonyo yalikata palepale. Mama wa dagaa akarudi nyuma hatua moja. Nikasikia mtu ananong'ona: "Huyo ni mtu wa mapato."

Kufumba na kufumbua, mtandao ukapanda. Mashine iliyokuwa imefunikwa kitambaa na kuwekewa chupa ya maua juu yake ikaanza kulia krrr, krrr, krrr. Vijana wa ujenzi wakapewa risiti ya misumari waliyonunua na mingine ambayo hawajanunua. Bibi wa choo akatoka na risiti. Nje nikasikia geti la duka la jirani linashuka, kisha la pili, kisha mtaa mzima ukawa unateremsha mageti saa nne asubuhi utafikiri kuna msiba wa kitaifa. Machinga wa pale mbele wakakunja maturubai kwa kasi niliyoiona mara ya mwisho Oktoba 2021 walipokuwa wanahamishwa barabarani. Mmoja akawa anapunga kile kitambulisho cha mjasiriamali cha 2018, cha elfu 20, huku anakimbia. Ninacho na mimi, kwa faida ya watakaoniuliza kama fundi natoa risiti: kilitolewa kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka. Yangu hata hiyo milioni nne yanaisikia kwa jirani.

Na bosi wa Shinyanga akatokea stoo.

"Mheshimiwa! Kwa nini hukusema?"

Nikaletewa kiti. Sikukikataa, nina mgongo. Nikaletewa soda baridi, imefunguliwa na kufutwa shingo kwa karatasi laini. Ekstensheni mpya ikashushwa kutoka rafu ya juu kabisa, nzito, ya shaba yenyewe, maana kumbe zipo, zinakaa juu huko zikisubiri waheshimiwa. Mimi sikusema neno. Nikawa naandika tu. Niliandika kiuno 36, suruali mbili.

Basi ukishakalishwa kwenye kiti cha namna hiyo unaanza kuona na shida za wengine. Nikamgeukia kijana: "Unaingia saa ngapi kazini?"

"Saa moja asubuhi."

"Unatoka?"

"Saa mbili usiku. Jumapili tunafunga saa nane."

Nikapiga hesabu, na hesabu za futi kamba ndiyo kazi yangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki, zinazozidi ni za ziada na zina malipo yake. Huyu mtoto anazimaliza Alhamisi saa saba mchana. Nikamuuliza mkataba. Akasema anao, wa mdomo. Nikamuuliza siku 28 za likizo. Akacheka kwanza, akidhani natania. Kisha akainama sikioni kwangu: "Baba, tafadhali, hizo haki usinipe hapa. Kamera inarekodi na sauti."

Lakini bosi alishasikia. Jasho likamtoka upya, maana sasa hakujua mimi ni mtu wa idara ipi, na idara ziko nyingi kuliko maduka. Kodi, leseni, mizani, moto, afya, usalama mahali pa kazi, taka. Akaniuliza kwa unyenyekevu kama nimekuja peke yangu au wenzangu wako kwenye gari. Nikamwambia wenzangu wanajijua.

Ndipo boda mmoja akasimama mlangoni, akavua kofia ngumu.

"Baba Kulwa! Umekaa unakunywa soda, suruali yangu ya tangu Pasaka iko wapi?"

Mageti yakaanza kupanda. Mashine ya risiti ikafunikwa kitambaa chake, chupa ya maua juu. Ekstensheni nzito ikarudi rafuni. Kiti kikachukuliwa, na naapa sikuwa nimesimama vizuri. Bosi akaitazama chupa ya soda, ilikuwa imebaki nusu.

"Mia saba," akasema.

Nikalipa. Mama wa dagaa alicheka mpaka beseni likayumba.

Sasa hapo ndipo niliposhikwa na hasira ya kweli, na nimetembea nayo kwa miguu mpaka Kirumba. Maana mimi nina kumbukumbu. Mwaka 1999 Ulaya ilikataa samaki wa ziwa letu hili la Victoria kwa hofu ya sumu. Mlaji wa huko, ambaye hajui hata Mwanza iko upande gani, alisema tu kwamba ana wasiwasi. Ziwa zima likanawa mikono! Maabara zikatafutwa, wakaguzi wakavaa buti nyeupe, viwandani kila sangara akawa na karatasi zake. Hakuna aliyewaambia Wazungu kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, wala kwamba waliikaanga vibaya. Sangara mwenyewe mpaka leo ana sheria yake, akiwa chini ya sentimita 50 usimguse, na wapo watu wenye rula wanaozunguka mialoni kuhakikisha. Waya wa kijivu unaoingia chumbani kwangu nilikolaza Kulwa na Doto, huo rula yake iko wapi? Nani ataupasua kwa wembe kabla yangu? Sheria zote zipo, naweza kuzitaja na miaka yake, na zote zinaanza kazi mtu akishakudhania wewe ni mheshimiwa.

Haya. Nimefika Mwaloni, soko la samaki, nimechoka, nikasema angalau nipeleke mboga nyumbani. Minofu siulizi, minofu ina pasipoti. Mapanki nayo, yale mabaki ya sangara tuliyokuwa tunayadharau, siku hizi yanauzwa kwa majivuno. Nikaenda kwa dagaa. Mama muuzaji, tunafahamiana miaka mingi, tukasalimiana vizuri kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, habari za watoto, halafu akanitajia bei ya kopo, na kopo lenyewe limegongwa kitako mpaka limeingia ndani. Nikamuuliza kulikoni. Akasema dagaa wanagombewa na viwanda vya chakula cha kuku, malori yanakuja kubeba.

Nikamwambia mayu, sisi ni wateja wako wa siku zote, leo unatuacha kwa ajili ya kuku?

Akasema kuku hawakopi.