Gundi ya asili isituhadae kwenye vizima moto vya erosoli

Kwenye vizima moto vya erosoli, mimi nasimama upande wa gundi za viwandani, ingawa najua siku hizi kila kitokanacho na mimea kinasifiwa kabla hakijapimwa.

Ndani ya kopo la kifaa hiki hamna gesi iliyoshindiliwa. Mna donge gumu, mara nyingi la nitrati ya potasiamu iliyochanganywa na gundi. Likiwashwa, linaungua na kutoa wingu la chembe za chumvi za potasiamu, nyingi zikiwa na upana wa mikromita chache tu. Chembe hizo hunasa radikali, yaani vipande vya molekuli vyepesi kuungana na vingine, zinazoendeleza mwako, na moto unazimika. Tangu Mkataba wa Montreal wa 1987, wa kulinda tabaka la ozoni, uanze kuibana haloni, kemikali za kuzimia moto zinazoliharibu tabaka hilo, njia hii imepata nafasi, na inastahili.

Wengi hudhani kazi ya gundi ni kushika unga usimwagike. Kumbe ndiyo kuni zenyewe! Nitrati inatoa oksijeni, gundi inaungua. Gundi ikizidi, oksijeni haitoshi, na inatoka kaboni monoksidi nyingi, sumu, ndani ya chumba ambamo huenda bado mna mtu.

Gundi za mimea, kama dekstrini (wanga uliovunjwavunjwa), wanga wenyewe na gundi ya mgunga, huchanganywa kwa maji, kwa hiyo mfanyakazi wa kiwandani havuti mvuke wa viyeyusho vikali. Hilo silipuuzi hata kidogo. Lakini gundi hizi huvuta unyevu, na kila shehena hutofautiana na iliyotangulia. Donge lililolowa huvimba, likikauka, hupasuka. Hapo ndipo penye hatari: mwako unapenya ndani ya ufa, eneo linaloungua linaongezeka ghafla, shinikizo linapanda, na kopo linaweza kutema miali au hata kupasuka. Na kifaa hiki hukaa ukutani miaka mingi bila kuguswa.

Gundi za viwandani, kama resini ya fenoli na epoksi, zikishaiva na kuwa ngumu, maji hayaziyeyushi. Kasoro yake ni kwamba zina kaboni nyingi na zinadai oksijeni nyingi, ilhali wanga tayari umebeba sehemu ya oksijeni yake. Kasoro hiyo mkemia makini anaweza kuirekebisha kwa kupanga uwiano vizuri. Unyevu unaojipenyeza polepole ndani ya kopo, baada ya kifaa kuuzwa, hana namna ya kuurekebisha.

Kwa hiyo mtengenezaji anayejivunia gundi ya mimea anionyeshe donge lake baada ya kuzeeshwa kwenye joto na unyevu, pamoja na vipimo vya gesi zilizotoka lilipowashwa. Asipokuwa navyo, sinunui.