Maumivu ya Kuzuka Nayo Yaandikwe Kwenye Faili

Kila mara sista alipomuuliza khalati hali, jibu lilikuwa lilelile: "Alhamdulillahi, leo afueni." Sista aliandika afueni kwenye faili, akatupa miadi ya wiki mbili, nasi tukapanda tuktuk kurudi Majengo. Hakuna aliyesema uongo. Khalati, ambaye saratani ya titi ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo, alishinda akizungumza na wageni huku akichambua mchicha, kwa sababu mofini aliyokunywa kila baada ya saa nne ilimtuliza. Lakini tulipomgeuza ubavu ili tubadilishe shuka, aliushika ubao wa kitanda kwa mikono miwili, jasho likamtoka juu ya mdomo, na kwa muda wa nusu saa hivi hakuweza kutamka neno. Nusu saa hiyo haikuwahi kufika kwenye faili.

Naamini haikufika kwa sababu hatukuwa na jina la kuiita. Kiswahili kina maneno mengi ya kueleza jinsi mwili unavyouma: kichwa huwanga, jipu hupwita, tumbo husokota, mbavu huingiwa na kichomi. Maumivu yanayoibuka juu ya dawa iliyokwisha kuyatuliza mengine hatuyaiti chochote. Mimi nayaita maumivu ya kuzuka, kama kitu kilichozamishwa majini kisha kikatokeza juu.

Mwaka 1990 madaktari Russell Portenoy na Neil Hagen waliyafafanua kuwa ni maumivu yanayopanda kwa muda na kuwa makali, ilhali maumivu ya msingi ya mgonjwa hayazidi kiasi cha wastani. Sharti hilo la mwisho ndilo ninaloliona kuwa na uzito zaidi. Mgonjwa anayeumwa vikali kutwa kucha hana maumivu ya kuzuka. Dawa yake ya msingi ndiyo haijamtosha. Na yule ambaye maumivu humrudia kila inapokaribia saa ya dozi, huenda dawa inamwishia mapema, na hilo nalo lina marekebisho yake.

Mengine huzuka bila sababu ya kuonekana, mengine huja kwa kukohoa, kwenda chooni au kugeuzwa. Mara nyingi hufikia kilele ndani ya dakika chache na kuisha kabla ya saa moja, wakati mofini ya kunywa huhitaji kama nusu saa ndipo ianze kutuliza. Ndiyo maana dozi ya akiba, yaani mofini ya ziada juu ya ile ya kila saa nne, inayotolewa baada ya kilio aghalabu hukuta maumivu yanaondoka yenyewe, na ndiyo maana, pale sababu inapojulikana, inafaa itangulie. Kipimo chake hupangwa na daktari kwa kuangalia mofini yote ya siku. Si jambo la kukadiria kwa kijiko jikoni.

Hapa Mombasa kuna kizuizi kingine. Jirani mmoja alituambia, kwa mapenzi kabisa, "Mtamfanya teja." Simlaumu, maana mitaa yetu imezika vijana wengi kwa sababu ya unga. Hata hivyo, mwili kuizoea mofini, hadi isiweze kuachwa ghafla, si sawa na uteja, na mgonjwa anayepewa kwa kipimo ili aweze kuoshwa hatafuti kulewa. Hofu hiyo ilitufanya tuiache chupa ya dozi ya akiba kabatini kwa zaidi ya wiki huku khalati akiuma meno, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

Hatimaye binti yake alianza kuandika kwenye daftari la shule: saa ngapi, alikuwa akifanya nini, yalidumu kwa muda gani. Kwa siku nane yalizuka mara 11, na mara 9 kati ya hizo ilikuwa ni wakati wa kuoshwa au kubadilishiwa shuka. Sista alilisoma daftari akiwa amesimama, kisha akaketi.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Uliniuliza naendeleaje, mwanangu. Hukuniuliza nikigeuzwa."

Daktari alikubali, na kuanzia kesho yake khalati alikunywa dozi ya akiba saa mbili na nusu asubuhi, shuka zikawa zinabadilishwa saa tatu.