Makadirio yakikosewa, andika barua kabla mwezi haujaisha

Wafanyabiashara wadogo wengi wa hapa Tanga walioingia kwenye mgogoro wa kodi hawakuanza na nia ya kuficha kitu. Walianza kwa kujibu vibaya swali moja siku ya makadirio, pale ofisa wa Mamlaka ya Mapato (TRA) anapokadiria kodi ya mwaka. Mtu anaulizwa mauzo yake kwa mwaka, anataja kile kinachobaki mkononi baada ya kununua mzigo, kulipa pango na kumlipa kijana wa dukani. Hiyo ni faida. Kodi ya makadirio inapigwa kwenye mauzo ghafi, fedha yote iliyoingia kwa kuuza kabla hujatoa hata shilingi.

Chukua duka la vyakula Makorora linalouza laki moja kwa siku. Likifunguliwa siku 300, mauzo ni milioni 30. Mwenye duka anabakiwa na kama elfu kumi kwa siku, kwa hiyo kichwani mwake ana biashara ya milioni 3, na mauzo yasiyozidi milioni 4 hayalipiwi kodi hiyo. Lakini kwa milioni 30, kiwango cha asilimia 3.5 kilichowekwa mwaka 2022 kwa mauzo yanayozidi milioni 11 hadi milioni 100 kinadai shilingi 1,050,000. Juu yake kuna mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kielektroniki. Kodi inayokula theluthi ya faida ya mtu naiona nzito mno, na nitaendelea kuisema, ila uzito wake hauondoi ukweli kwamba taarifa aliyotoa haikuwa sahihi na inamsubiri.

Kuna waliokosewa kwa upande wa pili, na hao ndio wananiuma zaidi. Wakala wa pesa kwa simu anapitisha mamilioni kila wiki. Fedha hizo si zake. Chake ni kamisheni, na kamisheni yenyewe imeshakatwa kodi ya zuio kabla haijamfikia. Akipeleka taarifa ya laini yake bila maelezo, halafu jumla ya miamala ikasomwa kama mauzo, anakadiriwa kama mwenye ghala. Namfahamu dada mmoja wa Ngamiani, ana kibanda cha uwakala na vocha, yalimkuta hayo. Karatasi ya makadirio aliiweka chini ya godoro. Kishoka mmoja, mtu wa kati asiye na kibali, alikuwa amemwambia kwamba ukienda kulalamika unafukuliwa mpaka ya miaka ya nyuma, bora umpe yeye kitu kidogo akuzungumzie. Alimpa. Hakuna kilichozungumzwa, na siku zake za kupinga zikapita.

Siku hizo ni 30, zinahesabiwa tangu ulipopewa makadirio. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa mlipakodi yeyote, hata muuza dagaa wa Deep Sea, haki ya kuweka pingamizi kwa maandishi ndani ya muda huo na kueleza sababu. Unatakiwa ulipe kwanza ile sehemu usiyoibishia au theluthi ya kodi yote, ipi iliyo kubwa, na kama huna unaweza kumwomba Kamishna wa TRA akupunguzie au akusamehe sharti hilo. Ukichelewa kwa ugonjwa, kwa kuwa nje ya nchi au kwa sababu nyingine ya msingi, unaomba kuongezewa muda. Ukijibiwa usiporidhika, ipo Bodi ya Rufaa za Kodi. Njia yote hiyo imeandikwa, na kishoka hana nafasi ndani yake.

Kwa aliyetaja pungufu, ushauri wangu ni aende mwenyewe, mapema. Riba ya kodi isiyolipwa inaongezeka mwezi hadi mwezi, kwa hiyo ukimya unazidisha deni. Andika barua fupi: jina, namba ya mlipakodi (TIN), mwaka unaohusika, ulichotaja, kilicho sahihi na ulivyokigundua. Ambatisha daftari la mauzo au taarifa ya benki. Toa nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Huna fedha ya mkupuo? Omba kulipa kwa awamu, na uombe kwenye barua hiyo hiyo. Malipo yafanyike kwa kontrol namba tu, ile namba ya malipo unayopewa na TRA. Yeyote anayetaka umpe mkononi, awe amevaa nini, usimpe.

Risiti ya EFD iliyokosewa nayo watu wanaichana. Umebonyeza 450,000 badala ya 45,000, mteja amecheka, mmeichana, umetoa nyingine. Mashine imeshapeleka zote mbili. Itunze ile mbovu, ibane pamoja na sahihi, andika pembeni tarehe na kilichotokea, uwe na cha kuonyesha. Na kwa kuwa kumbukumbu zinatakiwa zikae miaka 5, zipige picha: karatasi zile kwa joto letu hili zinafifia maandishi kabla hata mwaka haujaisha.

Daftari linalipa, tena kwa shilingi zinazoonekana. Kwa viwango vilivyoanza mwaka 2019, mwenye mauzo ya milioni 5 asiye na kumbukumbu analipa 100,000; mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani 30,000. Kwa milioni 8, asiye na daftari analipa 250,000, mwenye nalo 120,000. Daftari la mistari linauzwa Barabara ya 12 kwa bei ya chai na chapati.

Ninachokidai kwa mamlaka ni kimoja. Anayekuja kwa miguu yake kusema "nilitaja vibaya" asipokelewe kama aliyekamatwa. Leo mama wa Mgandini hana namna ya kujua tofauti hiyo ipo, kwa sababu ofisa anamfikia akiwa na ukaguzi, na matangazo yanamfikia yakiwa na vitisho vya faini. Makadirio hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Wiki moja kabla ya kila tarehe hizo, iwekwe meza pale Mgandini na nyingine Deep Sea, akae ofisa mwenye mamlaka ya kupokea masahihisho na kugonga mhuri papo hapo, na bango liandikwe kwa herufi kubwa kwamba hapo ni pa kurekebisha tu, hafungiwi mtu biashara. Viongozi wa masoko waliombe hilo kwa barua kabla ya awamu ijayo. Wakihitaji mtu wa kuwaandikia, nipo tayari, bila malipo.