Mchaichai wangu, mama mkwe, na ng'ombe wa Rombo

Jamani hii stori ya chai ya mama mkwe naomba nisimulie mwenyewe maana kuna mtu (anajijua, na asahau kuazima vitenge kwangu) keshaiweka stetasi na kaitia chumvi. Mama mkwe chai SIKUMPA kwenye ndoo. Ilikuwa kwenye chupa ya chai ya maua, ile ya wageni.

Bustani yangu ya ndoo za rangi pale kibarazani mnaijua. Mnanaa, mrehani, giligilani inayokufa kila wiki, na mchaichai, ndo fahari yangu. Mbegu nilinunua kwa kaka mmoja barabarani, buku tu, kakijiti kama ka muwa hivi kana pingili mbili, akaniambia dada we chomeka tu. Nikachomeka. Miezi minne lichaka likanifika mabegani. Nikawa nachemsha asubuhi na jioni na tangawizi na ndimu na iliki, nawagawia majirani, na humu humu nimewashauri wenye gesi tumboni. Mlioniambia mmepona sijui niwajibu nini, hongereni. Nikiyakata mikono ilikuwa inawasha balaa, mimi nadhani ndo nguvu ya dawa.

Sasa Jumapili kaja mama mkwe kutoka Rombo, na baba mdogo. Mama ana vidonda vya tumbo, akasema mwanangu usinitilie tangawizi wala ndimu, nichemshie mchaichai mtupu. Nilivyofurahi! Nikasema leo ndo atajua mwanae kaoa. Nikakata fungu zima, nikalipiga fundo, nikatumbukiza kwenye sufuria. Harufu iliyotoka... mnakumbuka shule ya msingi siku ya kufyeka uwanja na mvua imetoka kunyesha? Ile. Nikajiambia ndo harufu ya orijino hiyo.

Nikamimina. Baba mdogo, Mungu ambariki, kapiga kikombe kizima akasema "hii inafungua kifua", akaomba kingine. Mama kanusa. Kaweka chini. Kanusa tena. Akaomba aione sufuria, nikaileta mwenyewe huku najidai. Akaingiza vidole viwili akavuta jani moja polepoooole kama anatoa uzi kwenye nguo ya mtu, akalinyoosha kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole kwenye ule mstari mweupe wa katikati, akaling'ata nchani. Nyumba nzima kimya, hata feni naona ilipunguza spidi. Halafu akaniangalia kwa huruma. Nyie, angenisema ingekuwa afadhali.

"Mama Junior, mwanangu. Mchaichai huu umeutoa wapi?"

"Nimeupanda mwenyewe, mama." (Kwa maringo!)

"Mh. Nyumbani nina ng'ombe wawili zizini, haya ndo nawakatia kila siku. Haya mabingobingo."

Mume wangu chai ikamtokea puani. Baba mdogo kikombe cha pili kilikuwa mdomoni, akakitazama, akatutazama, akamalizia.

Nikapelekwa kibarazani kupigwa darasa. Mchaichai hauchomekwi pingili, unagawa shina na mizizi yake unapanda, na jani lake ukilifikicha tu mkononi linanukia ndimu kabla hata maji hujabandika. "Haya fikicha lako." Nikafikicha. Nyasi. Kumbe siku zote hizo ladha ya ndimu niliyokuwa nakunywa ilitoka kwenye ndimu yenyewe niliyokuwa natia! Kisha akazinusa ndoo zote moja moja kama daktari anapita wodini, mimi nyuma yake mikono mgongoni. Mnanaa ukapita, mrehani ukapita, giligilani akauliza hii uliihamisha? Nikasema ndio mama, niliiotesha kwenye kopo nikaihamishia hapa. Akaguna. Kumbe haitaki kuhamishwa, unamwaga mbegu pale pale itakapokaa. Nimekaa Dar miaka kumi naua giligilani.

Yaliyofuata tuyapitishe haraka. Mama kanywa maji ya moto. Majirani nimewakwepa mpaka leo. Grupu la familia shemeji kalibadilisha jina linaitwa "Zizini", na kila nikituma ujumbe kuna mtu anajibu mooo.

Jumanne asubuhi tunajiandaa kumsindikiza stendi, mama akaulizia panga. Moyo ukanilipuka, nikajua sasa anakwenda kuling'oa lile lichaka aibu iishe. Katoka kibarazani, kachagua yale mashina manene, kayakata pingili tatu tatu, kajaza kiroba.

"Yako yamenenepa kuliko yangu," akasema. "Unayatilia nini?"