Kaskazini ya Australia kwa karavani: Broome isubiri

Baridi ya Juni ikianza kuuma Melbourne, kundi letu la WhatsApp hufufuka. Watu ambao hawajasalimiana tangu Idi wanaanza kutumiana picha za maporomoko ya maji. Mmoja anatafuta bei ya karavani ya kukodi, mwingine anauliza nani ana Prado yenye nguvu ya kuvuta, na hakosekani wa tatu atakayechora mstari kwenye ramani kutoka Darwin, pwani ya kaskazini, hadi Broome, pwani ya kaskazini-magharibi, na kuandika chini yake: "Wiki mbili zinatosha, jamani." Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, karavani ni chumba cha magurudumu kinachofungwa nyuma ya gari, chenye kitanda, jiko la gesi, friji na, kwa waliojaliwa, choo. Hapa Australia nusu ya wastaafu wanaonekana kuishi humo. Mimi sina ugomvi na karavani, wala sina ugomvi na marafiki. Ninachopinga ni kuivuta nchi nzima ili mtu arudi na orodha ya majina. Kaskazini, karavani ni ya kuegeshwa. Chukueni Darwin, hifadhi za Litchfield na Kakadu, na mji wa Katherine, mkae kila mahali mpaka mzoeane na majirani, na Broome isubiri mwaka mwingine.

Tuanze na hesabu. Darwin hadi Katherine ni kama kilomita 320. Katherine hadi Kununurra, ng'ambo ya mpaka wa Western Australia, ni 512. Kununurra hadi Broome ni zaidi ya elfu moja. Jumla inakaribia 1,900: fikiria safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza, kisha uongeze nyingine ya Dar hadi Mbeya, huku nyuma yako kuna chumba kinachoyumba upepo ukikipiga ubavuni. Sheria inaruhusu hadi 130 kwa saa kwenye sehemu za Stuart Highway, lakini mwenye akili na mzigo nyuma haendi zaidi ya 90 au 100, na mafuta yanalika vibaya. Halafu kuna yale malori yanayovuta matrela matatu au manne, marefu hadi mita 53 na nusu. Likikupita moja unausikia usukani ukitaka kukuponyoka.

Na usiku hamwendi. Giza likiingia barabara inakuwa ya ng'ombe, kangaruu na wolabi, yaani kangaruu wadogo, na kampuni nyingi za kukodisha hazitaki kusikia kwamba gari lao lilikuwa porini saa mbili usiku. Kwa hiyo siku yenu ya kuendesha ni fupi, na mkiijaza kilomita hakuna kinachobaki. Mtafika mahali jioni, mtaunganisha umeme na maji, mtapika, mtalala, asubuhi mtafungua kila kitu muondoke. Safari ya namna hiyo nimeiona kwa watu, na picha zao nyingi ni za vituo vya mafuta.

Sasa linganisha na kukaa. Litchfield iko kama kilomita mia moja tu kusini ya Darwin, na pale unaoga kwenye mabwawa ya maporomoko ya Florence au kwenye mashimo ya mawe ya Buley, maji yakikupiga mgongoni. Njiani kuna vichuguu ambavyo hata mtu aliyekulia Dodoma atasimamisha gari kuvitazama: vyembamba kama ubao, vyote vimeelekea kaskazini na kusini, mchwa wakikwepa jua la mchana lisiwaoke. Ukiwa na haraka, unapiga picha moja unaondoka. Ukiwa umeegesha karibu, unarudi kesho yake asubuhi kabla mabasi ya watalii hayajafika.

Kakadu ndiyo inayonifanya nishikilie msimamo wangu. Ni hifadhi ya karibu kilomita za mraba 20,000, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, na ni nchi ya watu: Bininj upande wa kaskazini, Mungguy upande wa kusini. Ndani ya eneo hilo kuna pango la Madjedbebe, ambalo utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba watu walianza kulikalia takriban miaka 65,000 iliyopita. Mtu hapiti mahali kama hapo kwa nusu siku. Egesheni karavani Jabiru au Cooinda, humo humo hifadhini, ifungueni kutoka kwenye gari, na kuanzia hapo mtembee na gari tupu.

Pale Ubirr, panda jioni. Kwanza pitia michoro ya miambani, samaki na kasa waliochorwa mpaka mifupa na matumbo yao yanaonekana, kisha upande juu ya mwamba jua likielekea kuzama juu ya mbuga ya Nadab. Alfajiri yake panda boti pale Yellow Water. Ukungu uko juu ya maji, yungiyungi zimefumbuka, bata wanapiga kelele, na mamba amelala ukingoni mdomo wazi kana kwamba analipwa mshahara kwa kazi hiyo. Mahali pengine hapafikiki kwa karavani kabisa: njia ya maporomoko ya Jim Jim inataka gari lenye nguvu ya magurudumu manne, na kuingia Arnhem Land kunataka kibali cha Northern Land Council, baraza la ardhi la wenyeji. Kibali hicho si cha kupuuzwa. Ni ardhi yao, na hodi inapigwa kabla ya kuingia, kama kwa jirani yeyote.

Mamba, basi, kwa kuwa kila mtu huuliza. Wapo wa aina mbili. Wa maji baridi ni mdogo na mwoga. Wa maji ya chumvi ndiye mwenyewe, na jina lisikudanganye: anapanda mito na kukaa kwenye mabwawa mbali kabisa na bahari. Tangu alipopigwa marufuku kuwindwa katika Northern Territory mwaka 1971, idadi yake imerudi juu sana. Katika jumba la makumbusho la Darwin amehifadhiwa mmoja aliyeitwa Sweetheart, mita 5.1, aliyekuwa akishambulia boti za wavuvi miaka ya sabini. Mpelekeni kila mwenzenu amtazame kabla hamjatoka mjini. Baada ya hapo hakuna atakayebishana na kibao cha onyo. Kwa mtu wa Rufiji au Ruvuma mahubiri haya hayana haja: usioshe sufuria ukingoni, usichote maji mahali pale pale kila siku, usiamini maji kwa kuwa yametulia. Walinzi wa hifadhi hukagua mabwawa baada ya mvua kabla ya kuyafungua, na pasipofunguliwa hapaogwi. Baharini nako, kuanzia Oktoba hadi Mei kuna konyeza wenye sumu inayoua. Fukwe nzuri za Darwin ni za kutazama, hilo mlikubali mapema.

Kuhusu msimu, sisi watu wa pwani tunaelewa upesi kuliko Mzungu wa Sydney anayehesabu misimu minne. Bininj wanahesabu sita. Gudjewg ni mvua yenyewe, barabara zimezama. Banggerreng, karibu Aprili, ni dhoruba za mwisho zinazolaza nyasi. Yegge, Mei kuingia Juni, hewa inapoa na nyasi zinaanza kuchomwa kwa utaratibu, kwa hiyo msishangae moshi. Kisha Wurrgeng yenye baridi ya asubuhi, Gurrung yenye joto kavu, na Gunumeleng ambapo mawingu yanajikusanya na kila mtu ana hasira. Mimi nachagua Yegge. Maji bado yanaanguka kwa nguvu, na umati wa Julai haujafika. Unaweza kukuta njia mojawapo bado imefungwa, nami niko radhi kukosa njia moja kuliko kuyakuta maporomoko yamekauka.

Upepo unaoleta mvua hizo una historia inayotugusa. Kwa zaidi ya miaka mia moja, mabaharia wa Makassar kutoka Sulawesi walikuja na pepo za Desemba kuvua jongoo bahari kwenye pwani ya Arnhem Land, wakarudi kwao pepo zilipogeuka, mtindo ule ule wa kaskazi na kusi. Msimu wao wa mwisho ulikuwa 1906 kuingia 1907, serikali ilipowanyima leseni. Walipopiga kambi waliacha mikwaju, na mingine imesimama hadi leo. Halafu mwaka 1944, askari wa Australia aliyekuwa kwenye kituo cha rada katika kisiwa cha Marchinbar, nje kidogo ya pwani hiyo, aliokota sarafu mchangani. Tano kati yake zilikuwa za shaba, za masultani wa Kilwa. Kilwa yetu. Wataalamu bado wanabishana zilifikaje, na karavani haiwezi kukupeleka kisiwani huko. Lakini nilipowasimulia wenzangu, tukiwa tumekaa nje ya karavani na chai ya tangawizi, jamaa yetu wa Lindi alinyamaza kidogo kisha akasema ndiyo maana joto la Darwin halimsumbui.

Sasa marafiki wenyewe. Ukiona tangazo linasema karavani ya watu wanne, soma: watu wazima wawili na watoto wawili wanaopendana. Wanne wazima ndani ya chumba kile ni mtihani, mmoja akigeuka wote wanajua. Ushauri wangu ni karavani moja na mahema mawili, na karavani iwe jiko, friji na kimbilio la mwenye mgongo mbovu. Fedha zichangwe kabla ya kuondoka, ziwekwe kwa mtu mmoja mgumu wa kutoa, na bia zisiingie humo kabisa, maana asiyekunywa hapaswi kumnywesha mwenzake. Zamu ya kuendesha izungushwe. Zamu ya kumwaga kaseti ya choo, kile kisanduku cha uchafu, izungushwe vilevile, bila kujali cheo cha mtu kazini wala kwamba ni shemeji.

Mizozo mingi niliyoisikia haitokani na fedha, inatokana na kurudisha karavani nyuma. Kila mwanaume wa Afrika Mashariki anadai anajua kurudisha trela. Trela linaenda kinyume na usukani, watu watatu wanatoa maelekezo kwa lugha tatu, na mzee wa jirani mwenye kaptura na kiti cha kukunja anatazama kwa huruma. Mwacheni huyo mzee aje awasaidie. Kazi hiyo ndiyo furaha yake, na baadaye atawaonyesha mahali pa kuvulia barramundi. Samaki huyo akipata ndimu, pilipili na tui zito hana cha kumwonea wivu changu. Unga wa ugali bebeni kutoka nyumbani.

Wenzangu wana hoja moja nzito, nami siidharau: nauli ya ndege hadi Darwin si ndogo, basi kwa nini usimalizie? Kwa sababu mpaka wa Western Australia una ukaguzi wa mazao ambapo matunda, mboga mbichi na asali vinaachwa, saa inarudi nyuma saa moja na nusu, na mbele yako kuna eneo la Kimberley, ambalo peke yake ni safari. Milima ya Bungle Bungle hairuhusu karavani za kawaida kuingia. Barabara ya Gibb River, kilomita 660 na sehemu kubwa ni vumbi na mawe, huvunja ekseli za watu wenye uzoefu. Na Januari 2023 mafuriko yalivunja daraja la Fitzroy Crossing, barabara kuu ya kwenda Broome ikakatika, na daraja jipya lilifunguliwa mwishoni mwa mwaka huo. Anayeingia Kimberley aingie na muda.

Kwa hiyo, Katherine. Hapo mnamalizia kwenye bonde la Nitmiluk, lililorudishwa kwa wenyeji wake, Wajawoyn, mwaka 1989, mkikodi mitumbwi na kupiga kasia kati ya kuta za mawe mekundu. Chemchemi za maji ya uvuguvugu ziko karibu kabisa na mji na hazilipiwi. Jioni mnakaa humo mpaka vidole vikunjamane.

Nina udhaifu mmoja tu wa kwenda magharibi zaidi, nao ni mibuyu. Australia ina mbuyu wake, ndugu wa huu wetu, nao unaota Kimberley na ukanda unaopakana nayo. Ila hata huo hauhitaji Broome. Kilomita zisizofika 300 kutoka Katherine kuna Timber Creek, bado ndani ya Northern Territory, na karibu yake umesimama mbuyu uliochongwa tarehe na msafara wa Augustus Gregory miaka ya 1855 na 1856. Iacheni karavani Katherine, mwende na gari tupu, mlale huko usiku mmoja, mrudi. Anayeitaka Broome kwa dhati apande ndege kutoka Perth, ni kama saa mbili na nusu.